Chema Chajiuza? Dickens na Kazi ya Kunadi Riwaya

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo aliambiwa msikilizaji mmoja wa kipindi hiki na mwenye duka la vitabu, alipompelekea riwaya yake na kuomba awekewe nakala kumi tu rafuni. Ameniandikia barua ya kurasa nne. Anasema kwa miaka miwili sasa anakibeba kitabu chake mkobani kutoka shule hadi shule. Anawasomea wanafunzi, anauza nakala tano hapa na mbili pale, na usiku akirudi nyumbani hana hata sentensi moja ya riwaya ya pili. Anauliza: aache kuuza ili aandike, au aache kuandika ili auze?

Sikuwa na jibu la mkato. Lakini barua ile ilinikumbusha Charles Dickens, Mwingereza aliyezaliwa Portsmouth mwaka 1812. Huyu alizipigia debe riwaya zake kwa bidii ambayo sijaiona kwa mwandishi mwingine, na kazi hiyo hiyo iliyomjenga ndiyo iliyokuja kumwangusha.

Alianza kwa utaratibu ambao kuandika na kuuza vilikuwa kitu kimoja. Riwaya yake ya kwanza, The Pickwick Papers, haikutoka kama kitabu kamili. Kuanzia mwisho wa Machi 1836 ilitoka kila mwezi katika vijitabu vya bei ya shilingi moja ya Kiingereza, wakati ambapo riwaya ya kawaida ya juzuu tatu iliuzwa zaidi ya shilingi 31. Sehemu ya kwanza ilichapwa kama nakala 1,000. Mambo yalibadilika ilipofika sehemu ya nne, alipoingia Sam Weller, kijana wa kung'arisha viatu katika nyumba ya wageni, mwenye ulimi mwepesi. Watu walicheka, wakamtaka zaidi, na Dickens akawapa. Mwishoni mwa mwaka 1837 nakala 40,000 zilikuwa zikiuzwa kila mwezi. Fikirini hali hiyo, ndugu zangu: mwandishi bado hajaumaliza mkasa wake, na sokoni ndiko anakopata habari ni mhusika gani amewaingia watu moyoni. Ni kama fundi cherehani anayeshona nguo huku mteja amesimama mbele yake anaijaribu.

Tena hakuridhika na moja. Februari 1837, Pickwick ikiwa bado katikati, alianza Oliver Twist katika jarida alilokuwa akilihariri mwenyewe. Kwa miezi kadhaa aliandika riwaya mbili kwa pamoja, moja ya kuchekesha na nyingine ya yatima mwenye njaa. Tunaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Yeye hazikumponyoka ila mara moja: Mei mwaka huo shemeji yake, Mary Hogarth, msichana wa miaka 17, alifariki ghafla nyumbani kwake, na mwezi uliofuata wasomaji hawakupata hii wala ile.

Si kwamba soko lilimtii siku zote. Mwaka 1843 riwaya yake Martin Chuzzlewit ilikuwa ikiuzwa kama nakala 20,000 tu kwa mwezi. Akaamua kumpeleka mhusika wake Marekani ili kuwaamsha wasomaji, na mauzo yakapanda kwa elfu chache tu. Majira hayo hayo ya vuli alikuwa akizunguka mitaa ya London usiku, maili 15 hata 20 kwa miguu, akitunga hadithi nyingine kichwani. Hiyo ni A Christmas Carol, aliyoiandika kwa muda wa kama wiki sita. Ilitoka tarehe 19 Desemba, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Alikuwa ameng'ang'ania jalada zuri na picha za rangi kwa bei ya shilingi tano, kwa hiyo faida ikawa ndogo mno. Nadhani wachapaji wetu wakisikia hilo watatikisa vichwa.

Binti yake, Mamie, ameacha kumbukumbu moja ninayoipenda. Utotoni, akiwa anatoka katika ugonjwa, aliruhusiwa kulala chumbani ambamo baba yake alikuwa akifanya kazi. Alimwona akiruka kutoka mezani, akikimbilia kioo, akikunja uso kwa namna za ajabu, kisha akirudi mbio kuandika. Baadaye akakirudia kioo, na mara hii akawa anazungumza kwa sauti ya chini. Mtu huyu aliigiza kabla ya kuandika. Jukwaa lilikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Desemba 1853 aliisoma A Christmas Carol hadharani mjini Birmingham kwa ajili ya kuchangia kazi za hisani. Mwaka 1858 akaanza kusoma kwa kiingilio, kwa faida yake mwenyewe. Rafiki yake mkubwa, John Forster, alimpinga, akiona kuwa kazi ya jukwaani inamshusha hadhi mwandishi. Mimi sikubaliani na sababu ya Forster. Hakuna aibu mtu kuwasomea watu alichokiandika, na mimi mwenyewe kila juma naketi mbele ya maikrofoni hii. Naona hatari ilikuwa kwingine. Katika vile vijitabu vya kila mwezi, watu walimuuliza Dickens juu ya kesho: nini kitatokea? Ukumbini walitaka jana. Walitaka Krismasi ile ile na kesi ile ile ya Pickwick, maneno ambayo sasa aliyajua kwa moyo. Na makofi yalikuja papo hapo. Karatasi tupu haipigi makofi, na anayewasomea watu mara kwa mara anaujua utamu wa kulinganisha hayo mawili.

Lazima nimtendee haki. Kati ya safari na safari aliendelea kutunga. A Tale of Two Cities ni ya mwaka 1859. Mwaka uliofuata, mauzo ya jarida lake la kila juma yaliposhuka kwa sababu riwaya ya mwandishi mwingine iliyokuwa humo haikupendwa, alijitosa mwenyewe na Great Expectations, iliyotoka kila juma kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Wengi huihesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa, na chanzo chake ni hesabu za biashara. Kwa hiyo siwezi kumwambia msikilizaji wangu alikimbie soko.

Ila dalili zilikuwepo. Tangu mwaka 1855 Dickens alikuwa na daftari la kuandikia majina ya wahusika na vipande vya visa atakavyovitumia baadaye. Mtu aliyekuwa akijiwa na majina kama mvua sasa alianza kuweka akiba.

Tarehe 9 Juni 1865 treni aliyopanda ilianguka darajani Staplehurst, na watu kumi wakafa. Aliwahudumia majeruhi, kisha akapanda tena katika behewa lililoning'inia ili kuuchukua mswada wa sehemu ya riwaya aliyokuwa akiiandika, Our Mutual Friend. Riwaya hiyo ilimalizika kutoka Novemba. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka minne, hakutoa riwaya nyingine. Alisoma. Kuanzia Desemba 1867 hadi Aprili 1868 alisoma mara 76 nchini Marekani na kurudi na faida ya kama paundi 19,000. Watu walipanga foleni usiku wa baridi kali kununua tiketi. Yeye alikuwa na mafua yasiyopona na mguu uliovimba. Chakula kigumu kilimshinda, akawa anaishi kwa malai yenye ramu, shampeni, na mayai yaliyopigwa ndani ya mvinyo. Alikuwa na watoto wengi, nyumba kubwa ya Gad's Hill, na mke waliyetengana mwaka 1858 ambaye alimtunza. Fedha hizo hazikuwa mchezo.

Mwaka 1869 aliongeza usomaji mpya: mauaji ya Nancy, kutoka Oliver Twist, kitabu cha miaka 30 nyuma. Daktari wake alimhesabu mapigo ya moyo. Kwa kawaida yalikuwa 72 kwa dakika, na baada ya jukwaa yalipita 100. Aprili mwaka huo nguvu zilimwishia akiwa Preston, na daktari akazuia safari zote.

Msikilizaji wangu hajafika Preston, namshukuru Mungu. Lakini katika barua yake nimeona kitu kimoja: kwa miaka miwili amesoma kurasa zile zile za riwaya ya kwanza, kwa kuwa anajua wanafunzi watacheka wapi. Ningemwomba juma lijalo awasomee kurasa tatu za ile ya pili, hata kama ni mbovu, asimame mahali ambapo hajui kinachofuata, asikilize watauliza nini. Kama hana kurasa tatu, basi zitambidi aziandike kabla ya Jumatatu.

Dickens mwenyewe aliomba ruhusa ya kusoma mara 12 za mwisho mjini London. Usiku wa kufunga, tarehe 15 Machi 1870, aliwaaga watu ukumbini St James's Hall, na katika maneno yale ya kuaga akawatangazia kwamba baada ya wiki mbili watakutana naye tena majumbani mwao, katika hadithi mpya. Hiyo ilikuwa The Mystery of Edwin Drood, iliyopangwa kuwa na sehemu 12. Tarehe 8 Juni, kinyume na desturi yake ya kuandika asubuhi tu, baada ya chakula cha mchana alirudi tena katika kijumba chake cha bustanini kuandika. Jioni alianguka mezani. Alifariki kesho yake, akiwa na umri wa miaka 58. Sehemu tatu zilikuwa zimekwisha kutoka, na nyingine tatu zilikutwa mezani. Waliozinunua walifika ya sita mwezi Septemba wakiwa bado hawajui kijana Drood amepotelea wapi, na katika kurasa zile jibu halimo.