Lancia Delta Integrale: gari lililoshinda Safari, ukilikuta kuukuu sokoni

Msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha kwa simu mwezi uliopita. Ilikuwa picha ya gari dogo jekundu lenye pembe pembe kama sanduku, taa nne za duara mbele na matairi yaliyojaza mabawa. Aliiona kwenye tovuti ya Wajapani wanaouza magari yaliyotumika. Akauliza mambo mawili: je, hili si ndilo lililokuwa likishinda Safari Rally tulipokuwa watoto? Na je, anaweza kulileta nyumbani? Dakika za kipindi hazikutosha kumjibu, tukaahidi hewani kwamba tutaandika hapa.

Swali la kwanza ni rahisi. Ndilo. Ni Lancia Delta Integrale ya Italia. Swali la pili lina maelezo marefu, na hata ambaye hana nia ya kununua Lancia atapata kitu humu, kwa sababu mambo mengi yanayoliua gari hili ndiyo yanayoliua gari lolote kuukuu lenye turbo, hata lile Subaru la jirani.

Delta ilianza kama gari la kawaida la familia. Lancia iliitoa mwaka 1979, umbo lake likiwa limechorwa na Giorgetto Giugiaro, na mwaka 1980 ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Ina milango minne na mlango wa tano nyuma unaofunguka pamoja na kioo, basi. Gari la kupeleka watoto shule na kurudi na mboga.

Kilicholigeuza ni msiba. Mei 1986, katika mbio za kisiwa cha Corsica, dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa gari lao, Lancia Delta S4, lilipotoka barabarani na kuwaka moto. Lilikuwa gari la Kundi B, magari ya mbio yenye nguvu kupita kiasi na yasiyofanana na chochote kinachouzwa dukani. Wasimamizi wa mbio za dunia wakalifuta kundi hilo. Kuanzia 1987 ikaamuliwa kwamba gari la mbio litokane na gari la kweli, lililotengenezwa angalau 5,000 kwa ajili ya wateja. Lancia walikuwa na Delta yenye injini ya lita 2, turbo na nguvu ya kusukuma magurudumu yote manne, wakaipeleka. Ikachukua ubingwa wa watengenezaji wa dunia miaka sita mfululizo, 1987 hadi 1992.

Huku kwetu jina lake lilikaa kwa sababu ya Safari. Lancia walikuwa wameitafuta Safari kwa miaka mingi, na magari mazuri tu, wakaikosa. Mwaka 1988 Mwitaliano Miki Biasion akaishinda na Delta Integrale, akarudia 1989, na Juha Kankkunen wa Ufini akaishinda tena 1991. Walioyaona magari hayo yakipita watakumbuka rangi nyeupe yenye mistari ya Martini, chuma kikubwa cha kukinga mbele, na bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya paa ili injini isinywe maji ya mto. Juu angani helikopta ikitangulia kuangalia kama kuna ng'ombe barabarani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Gari hilo la Safari lilikuwa limeinuliwa na bodi yake kuimarishwa, na kila lilipofika kituo cha huduma lilizungukwa na mafundi wenye spea mpya. Lile unaloliona kwenye simu halikupata matunzo hayo. Liko chini na shokapu zake ni ngumu, kwa kuwa lilitengenezwa kwa lami ya Italia. Mtaro wa kuingilia shamba lako utalikwaruza tumbo.

Matoleo yake tuyapitie haraka, maana bei inategemea hapo. La kwanza lenye jina Integrale, lililotoka mwishoni mwa 1987, lina valvu 8 na nguvu farasi 185. La valvu 16 la mwaka 1989 lina farasi 200, na utalijua kwa boneti yenye nundu katikati, kwa sababu injini iliongezeka kimo. Mwaka 1991 likaja liitwalo Evoluzione, farasi 210, lenye mabawa mapana, kibao cha upepo juu ya mlango wa nyuma na rimu za nati tano badala ya nne. La pili la jina hilo, la 1993, lina farasi 215. Utengenezaji ukakoma 1994. Matoleo maalumu ya mwisho yamewahi kuuzwa kwenye minada ya Ulaya kwa zaidi ya yuro 100,000. Mengi ya hayo ya mwisho yalipelekwa Japani yakiwa mapya, ndiyo sababu mtu anayetafuta Probox kwenye tovuti ya Wajapani hulikuta Integrale limekaa pale pembeni.

Bei ikipanda namna hiyo, ulaghai nao hufuata. Gari la valvu 8 linaweza kuvalishwa mabawa mapana na boneti ya Evoluzione likauzwa kama kaka yake mkubwa. Mnunuzi wa Ulaya hulinganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi, ambayo kwa Lancia huanza na ZLA, na namba iliyo kwenye hati, kisha namba ya injini. Huhesabu nati za magurudumu na kufungua boneti. Halafu huomba risiti. Tunasema risiti, si maneno ya muuzaji. Gari la miaka 30 lisilo na karatasi hata moja ya gereji hatukuambii ulikatae, ila lihesabu kama gari ambalo halijawahi kufanyiwa kazi, na bei yake iwe ya namna hiyo.

Kinachofuata ni kutu. Chuma cha magari ya Italia ya miaka ile hakikukingwa vizuri, na baridi ya Ulaya ina chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu ya Delta hujificha chini ya kioo cha mbele, kwenye sakafu, na pale juu ambapo shokapu zimefungwa kwenye bodi. Paa lenye dirisha la kufunguka nalo huoza pembeni ya dirisha. Lete sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, uipitishe polepole. Ikikataa kunata, chini ya rangi kuna pati, si chuma. Rangi inayong'aa sana kwenye gari la umri huo inapaswa kukutia wasiwasi badala ya kukufurahisha. Injini unaweza kuifungua na kuifunga. Bodi iliyooza ni pesa zisizo na mwisho, na kazi ya kunyoosha na kuchomelea ndiyo inayowafilisi wengi wanaonunua gari hili kwa bei ya chini.

Injini yenyewe ni ngumu kuliko sifa mbaya za magari ya Italia. Asili yake ni mkono wa Aurelio Lampredi, mhandisi aliyewahi kuchora injini za Ferrari kabla ya kufanya kazi Fiat, na ndugu zake walitumika kwenye magari mengi ya kampuni hiyo. Lakini ina mikanda, na mikanda ndiyo roho yake. Ule wa taimingi unazungusha valvu. Kuna mwingine mdogo unaozungusha mihimili ya kutuliza mtetemo. Ule mdogo ukikatika, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkubwa, mkubwa ukaruka meno, valvu zikagonga pistoni, na hapo injini imekwisha. Mafundi wanaolijua gari hili hubadilisha mikanda yote pamoja na puli zake kila baada ya miaka michache hata kama gari halikutembea. Mpira huzeeka hata gari likiwa limelala, na hili ndilo watu hawaliamini. Wakiona kipimo kinaonyesha kilomita kidogo hufurahi. Gari lililokaa gereji miaka 8 bila kuguswa lina mikanda ya miaka 8, mipira ya maji ya miaka 8 na mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu.

Ukilisikiliza, lisikilize likiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hujafika ana sababu. Moshi wa bluu unapoachia na kukanyaga tena unasema turbo au valvu zinapitisha mafuta. Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya kupata moto, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, unasema gasketi ya kichwa.

Sehemu nyingine ya gharama ni ile ya kugawa nguvu. Katikati kuna kiungo chenye mafuta mazito kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na nyuma kuna difu ya aina ya Torsen. Kwenye toleo la valvu 16 asilimia 47 ya nguvu huenda mbele na 53 nyuma. Kiungo hicho kinachukia matairi yasiyolingana. Ukiweka mawili mapya na mawili yaliyolika, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti siku nzima, kiungo hupata moto na hatimaye hukwama. Jaribio lake ni rahisi: kata usukani hadi mwisho kwenye uwanja mtupu, uzunguke polepole. Gari likijivuta kama limefungwa kamba, ondoka. Wenye Subaru za magurudumu manne wanalijua jambo hili, au wanapaswa kulijua, maana tunaona magari mengi barabarani yamevalishwa tairi moja jipya na matatu mazee.

Umeme hatutauzungumza sana. Nyaya zimezeeka, maungio yameota ukungu, fyuzi na sehemu za kugusisha waya kwenye bodi zinahitaji kusafishwa. Ni kero, si msiba.

Anayeishi na gari hili hujifunza desturi. Asubuhi halikanyagwi hadi mafuta yapate moto, na hapo tunasema mafuta, kwa kuwa sindano ya maji hupanda mapema zaidi. Ukifika safari, huzimi mara moja. Unaliacha lizunguke taratibu dakika moja au mbili ili mafuta yaendelee kupoza turbo, la sivyo yaliyobaki ndani huungua yakawa masizi. Mafuta ya injini hubadilishwa kabla ya wakati ulioandikwa. Petroli hulinywa kwa furaha. Ndani kuna kelele, plastiki zinalialia, na viti vyake vya kitambaa vikichakaa utavitafuta hadi uchoke. Spea za injini hupatikana kwa sababu ndugu zake ni wengi. Vitu vya bodi na vya ndani ndivyo adimu, ingawa kitengo cha magari ya urithi cha kampuni mama kimetengeneza upya bampa za Evoluzione.

Kwa nini basi mtu ajitese? Waliolimiliki husema ni kona. Gari fupi, usukani mwepesi wa kujibu, magurudumu manne yakishika kwenye mvua. Hatujawahi kuliendesha, tusikudanganye. Ila tunaielewa hamu ya kumiliki kitu ulichokitazama ukiwa mtoto umesimama kando ya barabara, umejaa vumbi hadi kwenye kope. Si kitu cha kuchekwa.

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Integrale la mwisho kabisa limepita umri huo zamani sana. Tena magari yote ya Integrale yalitoka kiwandani yakiwa na usukani kushoto, na gari la usukani kushoto halisajiliwi hapa isipokuwa ya kazi maalumu kama ya wagonjwa au zimamoto. Kwa hiyo milango yote miwili imefungwa. Uganda nayo iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu.

Tovuti inayouza haikuulizi unaishi nchi gani kabla ya kupokea pesa. Itakuuzia, itapakia, na gari litakapofika bandarini Mombasa ndipo utaambiwa halishuki, huku gharama za kulihifadhi zikipanda kila siku. Na yeyote atakayekupigia simu akisema ana njia ya kulipitisha ukimtumia malipo ya kwanza kwa simu, mwombe akuandikie kifungu cha sheria kinachomruhusu. Kabla ya kutuma shilingi yoyote kwa gari lolote la nje, angalia mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza kwenye hati, si mwaka ulioandikwa kwenye tangazo, kisha uulize ofisi ya viwango au wakala wa forodha aliyesajiliwa.

Tulimpigia ndugu yetu aliyetuma picha tukamweleza haya. Alikuwa bado hajatuma pesa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna sheria inayomkataza kuibandika picha ile ukutani dukani kwake. Tulimwambia hakuna.