Pauni Mbili za John Cooper

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliyezaliwa hapa Uingereza na ambaye ndiyo kwanza amepata kazi, alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Wewe ni injinia, nisaidie. Ninunue gari la kasi lililotoka hivyo kiwandani, au ninunue la kawaida la aina hiyo hiyo nilitie nguvu mwenyewe? Hilo la pili litanigharimu kidogo." Nilimwambia nitamjibu. Jibu ni refu na linaanzia mwaka 1959, kwa hiyo naliandika hapa, maana si yeye peke yake mwenye swali hili katika vijana wetu.

Agosti ya mwaka huo kampuni ya BMC ilitoa gari la Mini. Mbunifu wake, Alec Issigonis, alikuwa ametakiwa atengeneze gari dogo lisilokula petroli nyingi, kwani mgogoro wa Suez wa 1956 ulikuwa umewaonjesha Waingereza mgawo wa mafuta. Injini ilikuwa ya cc 848, nguvu za farasi 34, na bei haikufika pauni 500. Lilikuwa gari la kumpeleka mtu kazini. Lakini Issigonis aliiweka injini mbele kwa mkingamo, na magurudumu akayasogeza kwenye ncha nne za bodi. Kwa hiyo kwenye kona Mini ilishika barabara kuliko magari mengi ya bei kubwa.

Mafundi hawakuchelewa kuliona hilo. Katika kijiji cha Downton, karibu na Salisbury, Daniel Richmond alikuwa akipokea Mini za watu, anafungua silinda hedi, anapanua na kulainisha njia za hewa, anabadilisha kabureta, kisha anamrudishia mwenyewe gari ambalo kwa nje ni lile lile. John Cooper naye, ambaye magari yake yalitwaa ubingwa wa Formula One mwaka 1959 na 1960 yakiendeshwa na Jack Brabham, aliitia mkono Mini, kisha akaenda kwa wakubwa wa BMC. Issigonis hakuvutiwa, kwa sababu machoni pake lile lilikuwa gari la wananchi. Mkubwa wake, George Harriman, ndiye aliyekubali yatengenezwe 1,000, idadi iliyotakiwa ili gari liruhusiwe mashindanoni. Cooper akapewa pauni 2 kwa kila gari.

Mini Cooper ikatoka 1961, cc 997, kabureta mbili, farasi 55, diski kwenye breki za mbele, kwa pauni karibu 680. Hapa nataka mpwa wangu asimame kidogo. Mwenye Mini ya kawaida angeweza kuongezewa farasi na fundi mzuri bila kulipa tofauti yote hiyo. Zile pauni 180 zilinunua na vitu visivyosikika injini ikinguruma, kama hizo diski. Hata hivyo, diski hizo za kwanza, za inchi 7, hazikutosha. Kiwanda kikarudi mezani, na 1963 kikatoa Cooper S ya cc 1071, yenye diski kubwa zaidi na krenkshafti iliyotiwa ugumu ili ihimili mzunguko mkali. Richmond mwenyewe alichukuliwa na BMC kuwa mshauri, na ujuzi wa gereji ya kijijini ukaingia kiwandani. Januari 1964 Paddy Hopkirk alishinda mashindano ya Monte Carlo kwa gari hilo. Mini zikashinda tena 1965 na 1967. Mwaka 1966 zilifika za kwanza, pili na tatu, zikaenguliwa kwa sababu ya taa.

Kwa hiyo gari la kasi la kiwandani nalo ni gari la kawaida lililotiwa mkono. Tofauti ni kwamba makosa yake yamekwisha kulipiwa na wengine kabla halijakufikia wewe.

Mimi nililipa yangu. Mwaka 1991, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi, nilikuwa na Mini 1000 kuukuu, yenye breki za dramu magurudumu yote manne. Kwa pesa za kazi ya usiku nilinunua kabureta mbili, silinda hedi iliyochongwa na eksozi. Seti ya diski niliiona dukani siku hiyo hiyo, nikasema mwezi ujao. Jumapili moja nilimchukua mtoto wa ami yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, nikamwonyeshe vilima vya Derbyshire. Dramu ikipata moto sana hutanuka, na vipande vinavyosugua ndani yake hupoteza mshiko. Hayo nilikuwa nimeyasoma darasani. Kwenye mteremko mrefu nilikanyaga breki, gari likaendelea na safari yake hadi kwenye ukuta wa mawe. Mwenzangu alivunjika mkono wa kulia, naye alikuwa fundi cherehani. Mkono ule haukunyooka tena sawasawa. Watu wa bima walikataa kunilipa gari, na walikuwa na haki, kwa kuwa sikuwaambia nilichokibadilisha. Ndugu yangu hajanilaumu hata siku moja.

Mwaka 1971 British Leyland iliifuta Mini Cooper, na zile pauni 2 zikaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 John Cooper alikuwa akiuza seti za vifaa vya kutia nguvu Mini za kawaida, na 1990 kiwanda kikalirudisha jina la Cooper. Gereji ilikitangulia kiwanda kwa mara ya pili.

Basi mpwa wangu, sikukatazi kutia mkono. Ila anza na breki, kisha matairi, kisha iambie kampuni ya bima kila kitu, na injini iwe ya mwisho. Jumlisha gharama zote hizo, ndipo ulinganishe na bei ya kiwandani. Pesa zikiishia kwenye breki, shukuru, uendeshe polepole. Na ukienda Mombasa, mpitie ami yako dukani akushonee suruali, uone anavyoshika mkasi.