Barua, Nauli na Karo: Nani Aligharimia Safari za Wanafunzi wa Kenya kwenda Vyuo vya Marekani, 1959–1963?

Tarehe 9 Septemba 1959 ndege ya kukodi ilitua New York ikiwa imebeba wanafunzi 81, karibu wote kutoka Kenya, waliokuwa wakielekea katika vyuo mbalimbali vya Marekani. Kufikia mwaka 1963, wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki na ya Kati walikuwa wamenufaika na mpango huo. Historia ya safari hizo imezoeleka kusimuliwa kwa kuitazama ndege na watu mashuhuri walioilipia. Mtazamo huo una upungufu. Nauli ililipwa mara moja, ilhali karo, malazi na chakula viligharimiwa kwa miaka minne. Na kabla ya hayo yote, kijana wa Nyanza au Kiambu alipaswa kupata barua ya kukubaliwa na chuo ambacho hajawahi kukiona. Makala haya yanajadili kazi hiyo ya kuomba nafasi na kutafuta fedha, na yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya mzigo ilibebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa magazetini.

Chanzo cha tatizo kilikuwa uhaba wa nafasi. Katika miaka ya 1950, Mwafrika wa Kenya aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni Makerere, Uganda, chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Nairobi kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956, lakini hakikuwa bado chuo kikuu. Kijana aliyehitimu kidato cha nne akiwa na cheti kizuri cha Cambridge aliweza kabisa kukosa pa kwenda. Serikali ya kikoloni iliupinga mpango wa Marekani kwa hoja kwamba baadhi ya vyuo vya huko vilikuwa hafifu na kwamba waliokwenda ni wale walioshindwa kufikia kiwango cha Makerere. Hoja ya kwanza haikuwa ya uongo mtupu, kwa kuwa vyuo vya Marekani vilitofautiana sana kwa ubora. Hata hivyo, serikali iliyowaambia vijana wasiende huko haikuwa na viti vya kuwakalisha nyumbani.

Tom Mboya aliijua hali hiyo kutokana na maisha yake mwenyewe. Baba yake alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge, na uhaba wa karo ulimzuia Mboya kuendelea na masomo ya sekondari. Akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Baadaye alisoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, lakini hakuwahi kupata shahada. Katika ziara yake ya Marekani mwezi Aprili na Mei 1959, alihutubia vyuo, vyama vya wafanyakazi na makanisa, akirudi na ahadi za nafasi za masomo. Ahadi hizo zilikuwa na sura maalumu: chuo kilisamehe karo, pengine na malazi, lakini hakikumleta mwanafunzi wala hakikumpa fedha za matumizi.

Kazi ngumu ilianzia hapo. Mwanafunzi aliyelelewa katika mfumo wa Kiingereza alizoea kupimwa kwa mtihani mmoja, uliosahihishwa Uingereza na matokeo yake kurudi baada ya miezi kadhaa. Vyuo vya Marekani viliuliza mambo mengine: alama za kila mwaka wa sekondari, barua za walimu waliomfahamu mwombaji, na maelezo yake mwenyewe kuhusu maisha na malengo yake. Kwa kijana aliyefundishwa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu, sharti hili la mwisho halikuwa dogo. Shuleni hapakuwa na mwalimu aliyejua taratibu hizo. Wasaidizi walikuwa wachache waliokwisha kupita njia hiyo, wakiwemo Dkt. Julius Gikonyo Kiano, aliyerejea kutoka California mwaka 1956 akiwa na shahada ya uzamivu, na Kariuki Njiiri, naye aliyesoma Marekani. Hawa walishirikiana na Mboya kuchambua maombi na kuwachagua wasafiri. Elimu yao ilikuwa ya aina ambayo haifundishwi darasani: chuo gani kiandikiwe, barua iseme nini, na ahadi ipi ni ya kuaminika.

Baada ya barua ya chuo kulikuwa na pasipoti, iliyotolewa na serikali ileile iliyoupinga mpango, kisha viza, iliyohitaji uthibitisho kwamba mwombaji ana fedha za kujikimu. Hapo ndipo kijiji kilipoingia. Wazazi, koo na makanisa walifanya karamu za chai na ngoma za michango, mifugo na mazao yaliuzwa, wengine walikopa. Mchango wa aina hii haukuwa zawadi tupu. Aliyetoa shilingi zake alikuwa na haki ya kutarajia kwamba kijana atarudi na kwamba watoto wa wachangiaji nao watasomeshwa. Ni deni lisiloandikwa popote, na kwa sababu hiyo halikuwa na tarehe ya kumalizika.

Upande wa Marekani, shirika lililoundwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kiafrika likiongozwa na mfanyabiashara William Scheinman lilibeba gharama ya ndege. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango kwa umma. Hivyo nauli ya mwaka 1959 ilitokana kwa kiasi kikubwa na fedha za watu binafsi. Serikali ya Marekani haikuilipia.

Mwaka uliofuata fedha ziligeuka kuwa siasa. Maombi ya msaada kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yalikuwa yamekataliwa. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikutana na Seneta John Kennedy huko Hyannis Port, na taasisi ya familia ya Kennedy ikaahidi dola 100,000. Muda mfupi baadaye Wizara ileile, chini ya serikali ambayo Makamu wake wa Rais, Richard Nixon, alikuwa akigombea urais dhidi ya Kennedy, ilitoa ahadi ya kiasi hichohicho. Suala likazua mabishano katika Seneti. Inafaa kusisitiza kwamba mahitaji ya wanafunzi yalikuwa yaleyale mwezi Juni na mwezi Agosti. Kilichobadilika ni ukaribu wa uchaguzi. Safari za 1960 zilichukua pia vijana kutoka Uganda, Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini.

Wapo walioachwa. Uteuzi uliotegemea kujuana na wakubwa wa Nairobi, shule za misheni na uwezo wa ukoo kuchanga uliwapendelea waliokuwa karibu na njia hizo. Wasichana walikuwa wachache, kwa kuwa waliofika kidato cha nne nao walikuwa wachache. Wangari Maathai, aliyehitimu Loreto, Limuru, alisafiri mwaka 1960 kwenda chuo cha watawa huko Atchison, Kansas, kwa msaada wa mtandao wa Kanisa Katoliki. Wengi wa wanafunzi hao, walipofika vyuoni, waliosha vyombo katika kumbi za chakula na kufanya kazi za likizo ili kufidia kile ambacho ufadhili haukukilipa. Wengine walituma nyumbani sehemu ya ujira huo.

Baada ya uhuru, swali la nani alipe lilihamia ndani ya nchi. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilianzisha mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na mwaka 1995 bodi ya kuisimamia ikaundwa kwa sheria ya Bunge. Mkopo huo ulikuwa na mkataba, kiasi maalumu na masharti ya kurejeshwa. Karamu za michango vijijini hazikukoma, na kadi zake ziliendelea kupelekwa nyumba kwa nyumba kila kijana alipopata barua ya chuo.