Mifumo miwili, kompyuta moja: historia tuliyojifunza kwa hasara

Leo tunaandika historia ya kompyuta, lakini tunaanza na ya kwetu.

Kikundi chetu hapa Juba kiko na laptopu moja. Ndani yake tumeweka Linux, kwa sababu ni ya bure na virusi haviisumbui sana. Mwaka jana wenzetu wawili wakahitaji Windows kwa kozi ya hesabu za biashara. Programu ya kozi ile ilikataa kabisa Linux. Tukabishana wiki nzima. Wengine walisema tuigawe diski, upande huu Linux, upande ule Windows, ukiwasha unachagua. Wengine wakasema hapana, tuifungue Windows ndani ya Linux, kama unavyofungua programu nyingine. Waliotaka kugawa wakashinda.

Betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani, tukategemea jenereta. Katikati ya kazi, petroli ikaisha.

Kwenye diski ile kulikuwa na masimulizi 17 ya wazee wetu, jinsi walivyotoka nyumbani. Tulibaki na 6, yaliyokuwa kwenye flashi ya mwenzetu. Kati ya wazee wa yale 11 yaliyopotea, mmoja alikuwa ameshafariki. Huyo hatuwezi kumrudia.

Basi tukaanza kusoma: hizi njia mbili zilitoka wapi, na kila moja inamfaa nani?

Ya mashine ndani ya mashine ndiyo ya zamani zaidi. Miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa inajaza chumba na bei yake haishikiki. Watu wengi, mashine moja, kama sisi tu. Wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kule Marekani, wakatengeneza mfumo ulioitwa CP-40, ukaanza kutumika 1967. Kila mtumiaji aliona kama ana kompyuta yake peke yake, kumbe wote wako kwenye moja. Hiyo ndiyo mashine pepe. Mwaka 1972 IBM ikaitangaza kwa wateja wake kwa jina la VM/370.

Njia ya kugawa diski ilikuja na kompyuta ndogo. IBM ilitoa PC yake 1981, lakini nguvu za kubeba mashine nyingine ndani yake haikuwa nazo. Mwaka 1983 mfumo wa DOS 2.0 ukaja na utaratibu wa kuigawa diski hadi sehemu nne, ili mifumo tofauti ikae pamoja. Inakaa pamoja, lakini inafanya kazi kwa zamu: mmoja ukiamka, mwingine umelala.

Hata Linux yenyewe ilianzia hapo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, alikuwa anaiandika kwenye PC yenye mfumo mwingine, Minix. Siku moja alitaka modemu ipige simu chuoni. Kwa makosa akaipelekea diski ile amri, sehemu ya Minix ikaharibika. Hakuirudisha tena, akaendelea na Linux yake. Tuliposoma hapo tulicheka, mara ya kwanza tangu petroli itukimbie. Lakini Minix angeweza kuiweka upya akitaka. Sauti ya mzee haiwekwi upya.

Mwaka 1999 kampuni ya VMware ikaleta mashine pepe kwenye PC za kawaida. Intel mwaka 2005, kisha AMD mwaka 2006, wakaanza kutoa chipu zenye msaada maalumu kwa kazi hiyo. Mwaka 2007 KVM ikaingizwa ndani ya Linux yenyewe, na VirtualBox ikatolewa bure. Tangu hapo hata mtu wa nyumbani anaweza kuchagua.

Sasa unachaguaje? Angalia RAM kwanza. Kwenye mashine pepe wataalamu wanaita mfumo mmoja mwenyeji, mwingine mgeni. Sisi wakimbizi maneno hayo tunayajua vizuri. Wote wawili wanakula sufuria moja kwa wakati mmoja. Windows 10 ya biti 64 inataka GB 2 angalau. Laptopu yako ikiwa na GB 4, mwenyeji na mgeni wote watalala njaa. Hapo kugawa diski ni bora, kwa sababu mfumo ulioamka unapata RAM yote. Ukiwa na GB 8, mgeni anakaa vizuri. Tena yeye ni faili tu: akiharibika unamfuta, unamrudisha kutoka kwenye nakala, na vitu vyako vingine havikuguswa. Anayegawa diski anakata pale pale mali yake ilipolala.

Sisi tulichanga, tukaenda soko la Konyo Konyo, tukapata RAM iliyotumika. Laptopu ikafika GB 8. Leo Windows inafunguka ndani ya Linux, na wenzetu wamemaliza kozi.

Ndugu wa mashirika, mkitupa kompyuta tunashukuru. Tunaomba tu mtazame na RAM, na betri, na mtuongezee diski ndogo ya nje ya kuwekea nakala. Na wewe kijana mwenzetu, usibishane njia gani kabla hujanakili vitu vyako mahali pengine. Sisi tulibishana wiki nzima, na hilo hakuna aliyelisema.

Masimulizi tumeanza upya. Wazee wanne wameshakubali kukaa nasi tena. Ya yule mzee aliyefariki anatusimulia binti yake, yale anayoyakumbuka. Kila jioni, kabla ya kuzima, tunanakili mara mbili.