Urani ya ng'ambo ya ziwa ilivyovimba Marekani

Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, Julai 2025, watu wa Kigoma tulikuwa na haki ya kuuliza maswali kabla ya wengine. Ukivuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, nchini Kongo, umeingia Katanga ya zamani, na ni mawe ya Katanga yaliyosaidia kuwafundisha wanasayansi tabia za urani ndani ya kinu cha nyuklia.

Mgodi wa urani wa Shinkolobwe, huko Katanga, uligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York; mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Reli ya Kati ilikwisha kufika Kigoma tangu 1914, na Wabelgiji walikuwa na gati lao hapa, lakini mzigo ule uliondokea upande wa Atlantiki. Mwanahistoria Susan Williams, katika kitabu chake cha 2016, anaonyesha jinsi asili ya urani hiyo ilivyofichwa kwa makusudi.

Sehemu ya urani hiyo iliishia Hanford, Marekani, ambako kinu B kiliwashwa Septemba 1944. Vipande vya urani vya sentimita 20 hivi, vilivyovikwa alumini, vilipangwa ndani ya mabomba 2,004 yaliyopenya rundo kubwa la grafaiti. Kati ya kipande na bomba maji ya kupoza yaliachiwa upenyo wa milimita 2 tu. Kipande kikivimba, maji yanabanwa.

Eugene Wigner, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, alikuwa ameonya tangu 1942 kwamba nyutroni zitang'oa atomu za grafaiti kutoka mahali pake. Wenzake wakaliita tatizo hilo ugonjwa wa Wigner, na Machi 1946 kinu B kikazimwa ili kukinusuru, kwa kuwa grafaiti ilikuwa inavimba kweli. Kikawashwa tena 1948.

Urani yenyewe ina maradhi mawili. Katika kila atomu 100 zinazopasuka huzaliwa atomu 25 hadi 30 za zenoni na kriptoni, gesi zisizokubali kuyeyuka ndani ya metali. Hujikusanya kuwa viputo, na kipande huumuka kama maandazi yaliyotiwa hamira. La pili ni fuwele: zikipigwa nyutroni hurefuka upande mmoja na kufupika mwingine. Kwa kuwa fimbo za urani zilitengenezwa kwa kubanwa na kunyooshwa, fuwele nyingi zilielekea upande mmoja, hivyo kipande kizima kilijinyoosha na kupinda, na vingine vikapasuka ganda. Dawa ikawa kuzipasha moto sana kisha kuzipoza ghafla, fuwele zipoteze mwelekeo.

Baadaye vinu vingi vya umeme vikahamia oksidi ya urani, isiyovimba sana. Hata hiyo, ikichomwa muda mrefu, chembe zake za ukingoni husagika kuwa ndogo mno na kujaa vitundu vya gesi.

Nako Kongo kwenyewe, Kinshasa ilipata kinu cha kwanza barani Afrika mwaka 1959. Shinkolobwe ilifungwa rasmi 2004, na mwaka huohuo ikawaporomokea wachimbaji wadogo.

Hapa Kigoma, Makumbusho ya Ujiji yanawaeleza vizuri Livingstone na Stanley, waliokutana 1871. Mwanafunzi wa Kigoma anayetoka pale hajasikia neno juu ya Shinkolobwe. Ukuta mmoja, wenye ramani ya mawe yale kutoka Katanga hadi Hanford, usingemgharimu mtu fedha nyingi, na Namtumbo nao wanahitaji ukuta kama huo kabla pipa la kwanza halijasafirishwa.