Plastiki za nyumbani: ipi ya kuuza, ipi ya kuogopa

Mimi nimekulia uswahilini Dar. Asubuhi kwetu mama alikuwa anapanga mkaa jikoni, anachana kipande cha rambo, anapiga kibiriti, matone ya moto yanadondokea mkaa. Moshi mweusi, mdogo wangu anakohoa, chai inachemka. Maisha yanaendelea.

Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tabia ya kuwashia jiko haikuondoka: sasa ni vifungashio na vipande vya ndoo. Kwa hiyo nimeona niweke hapa yale ambayo mtaani tunayajua nusunusu.

1. Geuza kitako uone. Kuna pembetatu yenye namba. 1 ni chupa za maji na soda. 2 ni madumu mengi ya mafuta na sabuni. Hizi ndizo waokota makopo wanazozitafuta, zinauzwa kwa kilo. Weka pembeni zikiwa kavu, usichanganye na maganda ya ndizi.

2. Namba 3 ni PVC: mabomba, na mara nyingi ganda la waya wa umeme. Ina klorini. Ukiichoma inatoa dioksini, sumu inayoleta saratani na kukaa mwilini miaka mingi. Nyie mnaochoma waya mpate kopa, hii inawahusu.

3. Rambo na vifungashio laini vingi havina klorini, lakini moshi wake una masizi na kaboni monoksidi. Anayeuvuta zaidi ni aliyeinamia jiko na mtoto wa mgongoni.

4. Mvua ikianza tu, watu wanamwaga taka mtaroni "ziende na maji". Haziendi mbali. Zinaziba kwenye karavati, halafu maji yanarudi ndani kwa jirani, kesho kwako.

Kuwashia jiko, tumieni makumbi ya nazi, karatasi au vijiti vikavu. Yanachelewa kidogo, basi.

Nilipomwambia mama alicheka: "Mbona mmekua?" Nikakosa jibu. Mdogo wangu kifua kinambana mpaka leo. Sisemi ni rambo, hakuna daktari aliyetuambia hivyo. Ila mama siku hizi ananiagiza makumbi mwenyewe.

Je, kwenu jiko linawashwa na nini?