Chuma au alumini: trela ipi huvumilia safari ndefu?

Msafirishaji anaponunua trela huambiwa kwanza nguvu ya chuma chake. Nguvu hiyo ni muhimu, lakini haielezi trela itadumu miaka mingapi barabarani. Chuma chenye nguvu maradufu kinaweza kupasuka mapema kuliko cha kawaida.

Nguvu za aina zinazotumika zaidi

Nguvu hupimwa kwa megapaskali (MPa). Kipimo kinachotazamwa ni mkazo unaokifanya chuma kipinde kisirudi tena katika umbo lake:

- Chuma laini S235: MPa 235
- Chuma cha chasisi S355: MPa 355
- Chuma cha nguvu ya juu S700MC: MPa 700
- Alumini 6061-T6: takriban MPa 275
- Alumini 5083 laini, ya matangi ya mafuta: takriban MPa 125

Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa takriban kilo 7,850, ya alumini kilo 2,700. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo kila tani inayopungua kwenye trela ni tani ya mzigo unaolipiwa. Ndiyo sababu ya wengi kuvutiwa na alumini na S700MC.

Uchovu wa metali

Kila shimo na kila tuta huikunja chasisi kidogo na kuiachia. Baada ya mamilioni ya mikunjo, ufa huanza hata kama mzigo haujawahi kufikia nguvu ya chuma. Mhandisi Mjerumani August Wöhler alilithibitisha hilo kwa majaribio ya ekseli za reli katika miaka ya 1850 na 1860.

Kipande cha chuma cha kawaida kilichosuguliwa vizuri huwa na kikomo, takriban nusu ya nguvu ya kukatika. Mkazo ukiwa chini ya hapo, kinaweza kukunjwa mara nyingi mno bila ufa. Alumini haina kikomo cha namna hiyo. Aina ya 6061-T6 hubakiwa na takriban MPa 97 baada ya mikunjo milioni 500, na huendelea kushuka.

Tatizo liko kwenye mshono

Trela haijengwi kwa kipande kilichosuguliwa, bali huchomelewa. Katika mshono, uvumilivu wa S700MC dhidi ya uchovu ni karibu sawa na wa S355. Mtengenezaji akipunguza unene wa boriti kwa kutegemea MPa 700, mkazo kwenye mshono hupanda na ufa huja mapema. Alumini 6061-T6 hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kando ya mshono. Aina ya 5083 laini hupoteza kidogo sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwa matangi.

Kuzidisha mzigo huongeza hasara. Kwa kanuni ya kawaida ya mishono ya chuma, mkazo ukipanda asilimia 10, maisha ya mshono hupungua kwa takriban robo. Ukipanda asilimia 20, hupungua kwa zaidi ya asilimia 40. Faini ya mizani huonekana siku hiyo hiyo. Gharama hii huonekana baadaye, pengine trela ikiwa imekwama mamia ya kilomita kutoka gereji.

Mambo ya kuzingatia

- Kagua miisho ya mishono, hasa karibu na springi na kingipini.
- Usitoboe wala kuchomelea kitu kwenye ubapa wa juu au wa chini wa boriti bila idhini ya mtengenezaji.
- Springi iliyokatika hubadilishwa, haichomelewi.
- Ufa kwenye alumini apewe fundi mwenye vifaa na ujuzi wa alumini.
- Kwa trela nyepesi, muulize muuzaji mishono imesanifiwa kwa mzigo gani, si aina ya chuma pekee.